Vioo Kumi na Tatu na Kisima Kimoja

Ngazi za kupandia ile shule ya kompyuta zilikuwa thelathini na nane. Nilizihesabu nikipanda, nikazihesabu tena nikishuka, kwa sababu nimeshakutana na watu wanaoapa kuwa ngazi za kushuka ni chache.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kihindi, Mwislamu, mwenye duka la vitambaa pale chini. Shule aliifungua zamani, enzi ambazo kompyuta ilikuwa bado inavishwa kitambaa cha maua kama redio ya bibi harusi. Sasa vijana wanajifunzia kwenye simu, na kule juu zilibaki kompyuta kumi na tatu za chogo, zile zenye kioo kinene kwa mbele na kisogo kirefu kwa nyuma. Mbili kati yake zilikuwa za mwili mmoja: kioo na ubongo ndani ya sanduku moja.

"Chukua zote bure," akaniambia.

Mfanyabiashara akikwambia bure, shika mfuko wako.

"Bure namna gani, mzee wangu?"

"Bure mpaka chini. Ijumaa kabla ya swala mpangaji wangu anaingia."

"Basi nipe na meza ile ya pembeni."

"Ile? Mninga ule, kijana! Una wazimu?"

"Ngazi thelathini na nane, safari kumi na tatu. Piga hesabu mwenyewe."

Akavuta kikokotoo chake, akabonyeza. "Mia nne tisini na nne."

"Hizo ni za kushuka. Kupanda je, nitapandishwa na malaika?"

Akabonyeza tena. Akanitazama, akaitazama meza, akakitia kikokotoo mfukoni. "Chukua na meza. Lakini usiniparuze ukuta kwa miguu yake."

Mimi kazi yangu ni skrepa. Wengine wanaona aibu kusema. Mimi imenisomeshea watoto. Nanunua kilichokufa, nakifungua, kila kiungo nakipeleka kwa anayekitaka: shaba kwake, chuma kwake, vibao vya umeme kwake. Kioo cha chogo ndicho kigumu. Kuna bwana mmoja wa Dar mwenye kibali cha kukusanya mabaki haya, naye anavipokea vikiwa vizima tu. Ndani ya kioo kile mna madini ya risasi, yaleyale yaliyomo kwenye betri za magari, na usoni kwa ndani kimepakwa unga usiotakiwa kuingia puani kwa mtu. Halafu hakina hewa. Ukikipiga kinajikunja kwa ndani, kisha kinakurudishia vipande usoni.

Najua kwa sababu nilivipiga. Miaka ile nilipokuwa mtaa wa Mabawa na mwenzangu, tulikuwa tunapasua televisheni kwa nyundo ili tupate shaba ya shingoni upesi. Dakika mbili kila moja. Siku moja mtoto wa jirani alipasuka unyayo katika mchanga wetu, na mtaa mzima ukatutoa kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Walikuwa na haki. Mpaka leo nikipita pale siangalii chini.

Hapa mtaa wa Makorora tulipanga chumba kwa bibi mmoja, mimi na mke wangu, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua nyuma, na katikati ya ua kisima. Bomba tunalo. Maji yanakuja yakijisikia. Kwa hiyo kisima kile ndicho kinachotulisha: chai, wali, nguo, udhu, na mchele wa vitumbua unaolowekwa kila jioni na mpangaji mwenzetu wa chumba cha mwisho, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kukata bati.

Guta la magurudumu matatu liliposimama mlangoni na zile kompyuta, bibi mwenye nyumba alikuwa ameshatoka barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nini hizo?"

"Kazi, bibi."

"Mabawa walikufukuzia nini vile?"

"Kelele."

"Kelele ndizo zilizompasua mtoto wa watu mguu?" Akanikazia macho ili nione kuwa anajua yote. "Kisima hiki amekichimba marehemu mume wangu kwa mikono yake, na maji yake wanakunywa watu kumi na tisa."

"Ishirini na moja," nikasema. "Na wale mapacha."

"Haya, ishirini na moja. Sasa sikiliza, mwanangu. Kioo kimoja kikipasuka humu uani, wewe na meza yako na mkeo mnatoka. Mkeo nitamlilia. Wewe sikulilii."

Nikakubali. Sikuwa na kwingine. Chumba chenye ua mpana kwa kodi ile hakipo Tanga nzima, nilishatafuta mara mbili. Na zaidi ya chumba, nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa Mabawa.

Nikaanza kazi, na nikaifanya kama nilivyofundishwa na fundi mmoja wa televisheni aliyekuwa akifunga duka lake. Nilimnunulia vifaa vyake vyote, naye akanipa elimu juu, kama nyongeza ya mchele kwenye kibaba. "Umeme wa chogo haufi," aliniambia, "unasinzia." Unauchomoa ukutani, unakaa siku nzima, na bado umo ndani ya kioo ukikungoja.

Ukishavua ganda la plastiki, ubavuni mwa kile kioo kuna kikombe cha mpira, na chini yake ndimo unamosinzia. Nje ya kioo kumepakwa kitu cheusi kama masizi, na juu ya masizi hayo umepita waya mtupu uliosukwa. Unachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki, unaifunga waya, na ncha ya pili ya waya unaibana kwenye ule waya mtupu wa mgongoni. Mkono mmoja unaurudisha nyuma kama mtu anayekagua gwaride, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kisha bisibisi inaingia chini ya mpira polepole, mpaka usikie: ta! Unangoja. Unaingiza tena. Mara nyingine kuna ta ya pili, ndogo, kama mtu aliyejifanya kaondoka na kumbe yupo nyuma ya mlango. Fundi yule alisema mara ya pili ni kwa waoga. Mimi ni mwoga, na vidole vyangu ni kumi, nilivihesabu leo asubuhi.

Baada ya hapo unafungua: kibao cha shingoni, shaba yake, skrubu nne za pembeni. Kioo unakibeba kwa uso, hukishiki shingo kamwe, unakilaza kifudifudi juu ya godoro. Mwisho unakitia hewa. Ncha kabisa ya shingo kuna kichuchu chembamba cha kioo. Unakifunika kwa kitambaa, unavaa miwani, unakiminya kwa koleo, na hewa inaingia taratibu. Kikishakuwa na hewa, ni kioo tu kama kioo kingine. Unakifunga kwa blanketi, unakipanga.

Siku tatu, vioo vitano. Mke wangu akaanza kuimba jikoni. Mwuza vitumbua akapita na ndoo, akasema, "Kumbe polepole unaweza. Mbona kodi huwa unakimbia?"

Siku ya nne akaja baba mkwe.

Baba mkwe wangu ni Msambaa, Mlutheri, mtu wa milimani aliyeshuka ujanani kufanya kazi ya umeme katika kiwanda cha mkonge na asipande tena. Miaka thelathini alilisha umeme mashine za singa, zile nyuzi za mkonge, bila kuungua hata shati. Alikuja kuonana na daktari wa macho, akafikia kwetu. Siku hiyo wanawake wote wa uani, bibi akiwa mbele, walikuwa wamekwenda kwenye hitima mtaa wa pili na watoto wao. Tulibaki yeye na mimi na vioo vinane.

"Onga mshi," akasema. Nikamjibu kwa Kisambaa changu kibovu, nikamwamkia tena shikamoo kwa usalama, nikampa kiti.

"Hii inawaka?" aliuliza, akionyesha kioo cha sita.

Sikutaka kuiwasha. Lakini mzee amesafiri, na macho yake hajui yatabaki naye mpaka lini. Nikachomeka, kioo na ubongo wake. Kioo kikalia ngiii, kikatoa mwanga wa kijani, maandishi yakapanda. Alicheka kwa raha, akasogeza uso mpaka karibu aibusu.

"Haya, zima tuifungue."

"Baba, hii imekula umeme sasa hivi. Tuipumzishe hadi kesho kutwa."

"Umeme unapumzishwa? Umeme unazikwa, mkwe." Na kabla sijapata la kusema ameshaiona nondo yangu ukutani, ameshaipigilia ardhini hatua chache kutoka kisimani, ameshaagiza maji ya chumvi. Ndivyo nyumba zote zinavyofungwa umeme hapa kwetu: nondo inaingia ardhini, unamwagia maji ya chumvi ardhi ipokee vizuri, kila kilichopotea kinateremka huko. Kwenye nyumba ni sahihi kabisa. Kwenye chogo ni bure. Umeme wa chogo hauijui ardhi. Umekaa kati ya ndani ya kioo na masizi ya nje, na hauendi popote mpaka uwakutanishe hao wawili.

Mimi nilijua. Hapo ndipo penye kosa la hadithi hii, na naliandika mara mbili nilione vizuri: nilijua, nikanyamaza. Nilijua, nikaleta chumvi. Ungekuwa wewe ungemwambiaje baba mkwe, aliyekupa binti yake kwa mahari uliyoibishania wiki tatu naye akakupunguzia, kwamba miaka yake thelathini haifai kwenye meza yako? Nilisema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba samahani, "Mimi huwa nafunga waya hapa mgongoni."

"Hapo mgongoni pana ardhi?"

"Hapana."

"Basi."

Akavua ganda, akafunga waya wake kwenye nondo, akaingiza bisibisi chini ya mpira. Hakukutoka sauti.

"Umesikia? Kimya. Umekufa."

Ule ukimya ndio ulionitia baridi. Nikafungua mdomo, "Baba, subi—" naye ameshaweka mkono mmoja kwenye fremu ya chuma na vidole vya wa pili chini ya kikombe cha mpira.

Alirushwa kama mtu aliyesukumwa na fahali. Kiwiko kikapiga kompyuta, kompyuta ikaanguka, shingo ikatangulia kwenye saruji. Mlio wake sikuusikia Mabawa hata siku moja. Kule nilikuwa napiga mimi, nikiungojea.

Nilimkimbilia yeye kwanza. Alikuwa amekaa chini, amefungua macho, anaupapasa mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Moyo unapiga, baba?"

"Unapiga," alisema. "Unapiga matusi." Nikamshika mshipa, nikahesabu, nikahesabu tena. Hakuwa na mkato, meza ilikuwa imemkinga. Nikamketisha barazani, nikamwambia tukimaliza tunakwenda hospitali atake asitake. Na tulikwenda, wakampima moyo, wakamrudisha na onyo.

Lakini kwanza nilirudi uani. Vipande vilikuwa vimetapakaa upande wa meza, na kimoja, nilipima kwa hatua, kilikuwa hatua nne kutoka ukingo wa kisima. Juu ya saruji palikuwa na unga wa kijivu mwembamba. Nikavuta bati nikafunika kisima, nikaweka mawe juu yake.

Baba mkwe akaniita taratibu. "Mkwe. Hakuna aliyeona."

"Hakuna."

"Shimo la nondo tunalo. Tulipanue kidogo, tufukie."

Nilisimama nikiwaza, na sikuwaza kwa sekunde moja, nisijisifu. Hitima haikuwa imekwisha. Kulikuwa na muda. Vioo vinane wangevikuta saba, na nani anahesabu isipokuwa mimi? Kisha nikalitazama lile shimo: hatua chache kutoka kisimani, na bado limelowa maji yetu wenyewe yaliyokwisha kuteremka. Kitakachofukiwa pale kitanywewa. Mapacha watakinywa.

"Hapana, baba," nikamwambia. Lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo kumwambia tangu nimuoe binti yake, na nililitoa kwa kuchelewa.

Nikavaa glavu, miwani na barakoa. Sikufagia, maana ukifagia kikavu unga unapaa. Nililowesha magazeti kwa ndoo moja ya maji ya bomba, nikaokota vipande vikubwa kwa mkono, vidogo kwa gazeti bichi, unga kwa gazeti bichi jingine, nikienda kutoka nje kuja ndani. Kila kitu kikaingia ndani ya debe la rangi lenye mfuniko: vipande, magazeti, hata glavu. Nikapita mara ya pili kwa magoti, na mara ya pili nikapata vipande vinne. Ndiyo maana mimi huhesabu.

Waliporudi walinikuta nimekaa juu ya debe, kisima kimefunikwa.

Bibi alisimama. Aliangalia bati, akaangalia debe, akavua viatu vyake vya hitima polepole.

"Kimoja," nikasema. "Nimekivunja mimi. Vipande vimo humu vyote, kisimani hakijaingia kitu, nilikifunika. Lakini kimevunjika."

Mke wangu akaweka mkono mdomoni. Mwuza vitumbua akasema, "Na mchele wangu niuloweke wapi leo, kwenye machozi yako?"

Hapo baba mkwe akainuka barazani. "Siwezi kuvumilia kusikia hilo," alisema. "Nimekivunja mimi. Yeye aliniambia tungoje. Mimi nikaleta nondo yangu."

"Nondo?" Bibi alimtazama tangu chini hadi juu. "Mgeni, umekuja kutibiwa macho au kutuchimbia ua?"

"Vyote, mama."

Mtu mmoja akacheka. Bibi hakucheka, lakini alikaa, na bibi akikaa maana yake kesi inasikilizwa. Nilijaribu kubishana, kama nilivyozoea: nikaanza na mwezi mmoja wa kuhama, nikijua nitashushwa hadi wiki mbili. Akainua kidole.

"Usinifanyie bei. Humu bado vipo vingapi?"

"Saba."

"Ukivitoa njiani na umeme wake, si vitapasukia kwa mtu mwingine?"

"Vinaweza."

"Basi vifungue hapa. Watoto watoke, kisima kifunikwe, na sisi tukae tukuone. Kikipasuka cha pili, sitasema neno, nitakuonyesha tu mlango. Visipopasuka, nitasema ninachotaka siku hiyo."

Ua nao wanawake wakauosha wenyewe kwa matambara mabichi, mara ya tatu, hawakuniamini. Nikavaa glavu mpya nikayakusanya matambara yale yote, nikayatia ndani ya debe, nikalifunga kwa gundi.

Siku nne nilifanya kazi mbele ya wanawake wanane waliokaa mikekani. Jaribu siku moja uone. Kila nikiweka mkono nyuma, mmoja anasema, "Anajikuna." Kila nikihesabu skrubu, wanahesabu nami kwa sauti, wanarukia tarakimu makusudi ili nikosee. Baba mkwe aliketi mbali, mikono katikati ya magoti, akitazama ule waya niliobana mgongoni mwa kioo. Siku ya pili aliinuka, akaja, akaugusa kwa macho tu. "Kwa hiyo unarudi kwake mwenyewe," alisema, akarudi kukaa.

Za mwisho zilibaki zile mbili za mwili mmoja. Hizo ni mbaya. Sanduku ni jembamba, shingo ya kioo inapita katikati ya vibao, na mkono unaingia kama wa mkunga. Ya kwanza ilitoka. Ya pili, ambayo ilikuwa ya kumi na tatu, ilikuwa na skrubu mbili ndani ya mashimo marefu ambayo bisibisi yangu haikuzifikia. Nikaenda kuazima nyingine mjini, wanawake wakaningoja, hakuna aliyeondoka.

Nilipoifungua nikabana waya, nikaweka mkono nyuma. Hakuna aliyesema najikuna. Nikaingiza bisibisi.

Ta!

Mwuza vitumbua akaruka. "Kumbe umo kweli!"

Nikangoja. Nikaingiza mara ya pili. Ta, ndogo.

"Na mdogo wake," akasema.

Nikatoa shaba, nikatoa skrubu nne, nikahesabu nne, wote wakahesabu nne na hakuna aliyenidanganya. Nikakiinua kioo kwa uso wake, nikakilaza godoroni, nikafunika shingo kwa kitambaa, nikaminya.

Sssss.

Ilidumu kuliko nilivyowahi kuisikia. Hata jogoo wa jirani alikuwa na adabu. Hewa ilipokwisha kuingia, mwuza vitumbua akasema, "Ndiyo hiyo tu? Nimeacha mchele wangu siku nne kuja kusikiliza kitu kikivuta pumzi?"

Bwana wa Dar alipokuja, bibi alisimama mlangoni akahesabu vilivyotoka: vioo kumi na viwili ndani ya mablanketi, na debe moja lililofungwa kwa gundi, ambalo yule bwana alilipokea kwa kununa, akanikata bei. Nilimwachia. Kisha bibi akafunga mlango.

"Mjini vipo vingine?"

"Vipo, bibi. Vingi."

"Wewe na mkeo mtakaa. Vioo havirudi humu."

"Hata kimoja kimoja, bibi? Kwa siku moja?"

"Hata chogo lako mwenyewe nikiliona limeinamia kisima changu nitalisukuma."

Nikaanza kusema jambo, nikaona hakuna bei pale. Asubuhi yake nikachukua futi kamba, nikatoka kutafuta banda: sakafu ya saruji, paa zima, kisima kisiwepo karibu. Si kazi rahisi Makorora, kila ua una chake. Mpaka sasa nimeona mabanda tisa. Kati ya hayo, wenye matatu walisema hawana kisima; nikazunguka nyuma, nikavikuta.